Bei ya Ukurasa: Fasihi ya Ulimbwende na Mabadiliko ya Jamii Uingereza, 1789–1832

Zama za ulimbwende katika fasihi ya Uingereza huhesabiwa kwa kawaida tangu Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789 hadi sheria ya marekebisho ya Bunge ya mwaka 1832. Ndani ya miaka hiyo waliandika William Blake, William Wordsworth, Samuel Taylor Coleridge, Lord Byron, Percy Shelley, John Keats na Mary Shelley. Vitabu vingi vya shule huwaeleza kuwa ni waandishi wa milima, maua na huzuni za moyo. Si uongo, lakini ni nusu ya habari. Walitunga wakati wanakijiji wananyang'anywa malisho yao ya pamoja, wafumaji wananyongwa kwa kushambulia mashine, meli za Liverpool na Bristol zinawavusha Waafrika Atlantiki wakiwa minyororoni, na muuza vitabu anaweza kutupwa gerezani kwa sababu ya kijitabu kimoja kilichokutwa dukani mwake. Mambo hayo yamo katika maandishi yao, na serikali iliyasoma maandishi hayo kwa makini kuliko wahakiki wengi waliofuata.

Historia hii haieleweki bila kujua bei. Karatasi ya wakati ule ilitengenezwa kwa matambara, kwa kazi ya mikono, nayo ilitozwa ushuru. Mitambo ya chapa iliendeshwa kwa mkono. Gazeti la The Times lilipochapwa kwa nguvu za mvuke tarehe 29 Novemba 1814, hilo lilikuwa jambo jipya kabisa. Diwani mpya yenye kurasa pana iliweza kumgharimu fundi ujira wa wiki nzima na zaidi. Kwa hiyo kulikuwa na hadhira mbili: wachache walionunua vitabu, na wengi walioazima, waliochangiana kununua gazeti moja, au waliosikiliza likisomwa kwa sauti kilabuni na karakanani. Fasihi ya zama hizi iliitikisa jamii kila ilipovuka kutoka hadhira ya kwanza na kuifikia ya pili. Watawala walilitambua hilo mapema, na karibu kila sheria waliyotunga dhidi ya maandishi ilikusudiwa kuziba kivuko hicho.

Ngome ya Bastille ilipotekwa tarehe 14 Julai 1789, Waingereza wengi walishangilia. Wordsworth, mwanafunzi wa Cambridge, alizunguka Ufaransa kwa miguu katika likizo ya 1790, akarudi tena 1791 na kukaa huko hadi mwishoni mwa 1792. Lakini Novemba 1790 Edmund Burke, mbunge mzaliwa wa Ireland, alitoa kitabu kikali cha kuyalaani mapinduzi hayo na kuutetea ufalme, urithi na mila za wakubwa. Mwezi haukuisha kabla hajajibiwa na Mary Wollstonecraft, mwalimu wa zamani mwenye umri wa miaka 31. Mwaka 1792 Wollstonecraft alitoa kitabu kingine, A Vindication of the Rights of Woman, ambamo alidai kwamba udhaifu uliosemwa kuwa ni maumbile ya mwanamke ulitokana na kunyimwa elimu, na kwamba dawa yake ni wavulana na wasichana kusoma pamoja katika shule za taifa.

Jibu lililoitia serikali hofu zaidi lilitoka kwa Thomas Paine, mtu aliyewahi kushona mikaja ya wanawake na kukusanya ushuru kabla ya kwenda Marekani na kuwa mwandishi wa uhuru wa nchi ile. Sehemu ya kwanza ya Rights of Man ilitoka 1791 kwa bei ya shilingi tatu, na ya pili mwaka uliofuata. Paine aliandika kwa Kiingereza cha watu wa kawaida, sentensi fupi zisizohitaji Kilatini, akapendekeza wazee walipwe pensheni na watoto wa maskini wasomeshwe kwa fedha za umma. Kisha yakaja matoleo ya bei ya peni sita, na hapo ndipo mashtaka yalipofunguliwa. Mwanasheria mkuu alieleza mahakamani, Desemba 1792, kwamba sehemu ya kwanza aliiacha ipite kwa kuwa aliamini itasomwa na watu wenye busara. Alichukua hatua alipoona kitabu kinasukumwa mikononi mwa watu wa kila namna. Paine alihukumiwa hali yuko Ufaransa. Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi zaidi kuliko kauli hiyo ya mwanasheria: kosa lilikuwa katika maneno, na lilikuwa pia katika bei.

Miongoni mwa hao watu wa kila namna alikuwamo fundi viatu wa London aliyeitwa Thomas Hardy. Januari 1792 yeye na wenzake wasiofika kumi waliunda London Corresponding Society, chama cha kudai kila mwanamume apate kura. Mchango ulikuwa peni moja kwa wiki. Wanachama walikuwa mafundi na wachuuzi, na mikutano yao ilikuwa nusu siasa, nusu darasa: vitabu vilisomwa, kisha kila mmoja akapewa nafasi ya kusema. Mwaka 1794 Hardy, John Thelwall na wengine walishtakiwa kwa uhaini, kosa ambalo adhabu yake ilikuwa kifo. Wakili Thomas Erskine aliwatetea, na jopo la raia likamwachia Hardy tarehe 5 Novemba, wenzake wakafuata. Serikali, iliyokuwa vitani na Ufaransa tangu 1793, ilijibu kwa sheria. Mwaka 1795 mikutano ya watu zaidi ya 50 iliwekwa chini ya usimamizi wa mahakimu. Mwaka 1799 chama cha Hardy kilipigwa marufuku kwa jina, na kila mwenye mtambo wa chapa akaamriwa kuuandikisha na kutia jina lake juu ya kila alichochapa.

Kitovu cha waandishi wa muongo huo kilikuwa duka la Joseph Johnson, karibu na kanisa la St Paul. Johnson alimchapisha Wollstonecraft, akachapisha mashairi ya mwanzo ya Wordsworth mwaka 1793, na akampa Blake kazi za kuchonga picha katika shaba. Mezani kwake walikutana wanasayansi, wahubiri na washairi. Mwaka 1799 alifungwa miezi sita kwa kuuza kijitabu cha mwandishi mwingine. William Godwin alinusurika, ingawa kitabu chake Political Justice cha 1793 kilidai kwamba serikali zenyewe ni chanzo cha maovu. Kiliuzwa kwa pauni moja na shilingi 16, na husimuliwa kwamba Waziri Mkuu Pitt aliona kitabu cha bei hiyo hakiwezi kumdhuru mtu. Upande wa pili wa siasa nao ulijifunza somo lile lile. Hannah More, mwandishi mcha Mungu wa karibu na Bristol, alianza mwaka 1795 kutoa hadithi za nusu peni hadi peni moja na nusu zilizowahimiza maskini kuridhika na hali yao. Ndani ya mwaka mmoja nakala milioni mbili zilikwisha kusambazwa, nyingi zikinunuliwa na matajiri na kugawiwa bure.

Harakati iliyounganisha fasihi na wasomaji kwa nguvu kuliko zote ilikuwa ile ya kupinga biashara ya watumwa. Tarehe 22 Mei 1787 watu 12, tisa kati yao wakiwa Wakristo wa madhehebu ya Wakweka (Quaker), walikutana London katika kiwanda cha chapa cha James Phillips na kuanzisha kamati ya kuikomesha. Haikuwa bahati tu kwamba walikutana penye mtambo wa chapa. Thomas Clarkson, aliyeingia katika jambo hili baada ya kushinda tuzo ya insha ya Kilatini huko Cambridge mwaka 1785, alizunguka nchi nzima kwa farasi akikusanya ushahidi kwa mabaharia. Kamati ilisambaza mchoro wa meli iitwayo Brookes, ukionyesha zaidi ya watu 400 waliopangwa kama magogo, na hata asiyejua kusoma aliuelewa. Washairi walichangia walichokuwa nacho. Mwaka 1788 William Cowper alitunga shairi lililoimbwa mitaani kwa sauti ya mtumwa anayewahoji wanunuzi wake, na Ann Yearsley, mwanamke muuza maziwa wa Bristol, akatoa shairi refu la kuwashutumu wafanyabiashara wa mji wake mwenyewe. Huyo alihitaji ujasiri kuliko wengi, maana wateja wake wa maziwa na wa mashairi waliishi kwa fedha za biashara hiyo.

Hata hivyo sauti yenye uzito zaidi ilikuwa ya Waafrika. Ottobah Cugoano alitoa kitabu chake mwaka 1787. Mwaka 1789 akafuata Olaudah Equiano, aliyeandika kwamba alitekwa utotoni katika nchi ya Waigbo, akauzwa ng'ambo, akawa baharia, na mwaka 1766 akajinunulia uhuru wake. Tawasifu yake ilitolewa kwa michango ya wasomaji waliolipa mapema, na hakimiliki aliishika mwenyewe badala ya kumwachia mchapishaji. Alisafiri kuiuza England, Scotland na Ireland, akihutubia na kuonana na watu uso kwa uso. Matoleo tisa yalitoka kabla hajafariki mwaka 1797. Katika miaka hiyo alipanga kwa muda nyumbani kwa Thomas Hardy, yule fundi viatu. Na Hardy alipotafuta watu wa kuandikiana nao huko Sheffield, alianza na jina alilopewa na Equiano. Kwa hiyo mapambano ya kura ya mfanyakazi wa Kiingereza na yale ya uhuru wa Mwafrika yalikaa kwa muda chini ya paa moja, jambo ambalo historia za fasihi zimechelewa mno kulitaja.

Aprili 1791 Bunge lilikataa hoja ya William Wilberforce kwa kura 163 dhidi ya 88. Anna Barbauld, mshairi na mwalimu, alimwandikia mbunge huyo shairi la barua lililolaumu taifa zima kwa kujua ukweli na bado kufumba macho. Wananchi hawakukaa kimya. Familia nyingi ziliacha kutumia sukari ya Karibi. Clarkson alikadiria kwamba watu 300,000 walisusia, na uamuzi huo ulikuwa mikononi mwa wanawake zaidi, kwa kuwa wao ndio walioendesha majiko. Mwaka 1792 maombi 519 yenye saini zipatazo 390,000 yalifikishwa bungeni. Coleridge, aliyeshinda medali ya Cambridge mwaka huo kwa utenzi wa Kigiriki dhidi ya biashara ya watumwa, alihutubia Bristol juu ya jambo hilo hilo mwaka 1795, ndani ya mji ulioneemeka kwayo.

Watumwa wenyewe walikuwa wamekwisha kuchukua hatua. Agosti 1791 waliasi katika koloni la Kifaransa la Saint-Domingue, na tarehe 1 Januari 1804 nchi hiyo ikatangaza uhuru kwa jina la Haiti. Kiongozi wao, Toussaint Louverture, alitekwa kwa hila na kufia katika ngome ya Fort de Joux milimani Ufaransa, Aprili 1803. Miezi michache kabla ya kifo chake Wordsworth alichapisha gazetini shairi la kumfariji mfungwa huyo. Lilikuwa shairi la mistari 14 tu, lakini lilimweka Mwafrika mwasi mahali ambapo washairi wa Ulaya walizoea kuwaweka mashujaa wa Ugiriki na Roma. Sheria ya kukomesha biashara ya watumwa ilipitishwa tarehe 25 Machi 1807. Utumwa wenyewe katika makoloni ulibaki.

Wakati siasa za wazi zimefungiwa mlango, Wordsworth na Coleridge walikuwa wakitafuta njia nyingine mashambani Somerset. Hawakuachwa peke yao: Agosti 1797, muda mfupi baada ya Thelwall kuwatembelea, serikali ilimtuma mpelelezi James Walsh kuchunguza matembezi yao. Mpelelezi hakupata kitu cha kushtaki. Mwaka uliofuata washairi hao walitoa Lyrical Ballads bila majina yao, na katika toleo la 1800 Wordsworth akaongeza dibaji iliyotetea ushairi wa lugha halisi ya watu. Wahusika wa kitabu hicho ni bibi mzee anayeokota kuni, mama aliyeachwa, mchungaji anayeuza kondoo wake wa mwisho. Dada yake mshairi, Dorothy Wordsworth, aliandika katika shajara zake za Grasmere juu ya ombaomba waliobisha hodi mlangoni, na baadhi ya mashairi ya kaka yake yalitokana na kurasa hizo. Januari 1801 Wordsworth alimpelekea kitabu mwanasiasa Charles James Fox pamoja na barua ndefu akieleza jinsi viwanda na kodi zinavyovunja familia za wakulima wadogo. Kumweka maskini katikati ya shairi zito, kama mtu mwenye akili na uchungu kamili na si kama kichekesho, kulikuwa tendo la kisiasa ambalo sheria yoyote ya uchochezi isingeweza kulishika.

Blake alikwenda mbali zaidi, lakini kwa wasomaji wachache mno. Mashairi yake aliyachonga mwenyewe katika sahani za shaba, akayachapa na kuyapaka rangi kwa mkono akisaidiwa na mkewe Catherine. Songs of Innocence ya 1789 ina shairi juu ya watoto waliopandishwa ndani ya dohani kusafisha masizi. Wengi walikuwa maskini waliouzwa na wazazi, wakiugua mapafu na kupinda mifupa. Sheria ya 1788 ilikataza kutumia watoto chini ya miaka minane, lakini haikutekelezwa. Shairi la Blake lilipata umma miaka 35 baadaye, pale James Montgomery, mshairi na mhariri wa Sheffield aliyefungwa mara mbili katika miaka ya 1790, alipolitia katika kitabu cha kampeni ya kuwatetea watoto hao mwaka 1824. Kazi hiyo ya watoto ilikomeshwa kikweli mwaka 1875.

Mabadiliko ya ardhi yalimpata mwandishi wake hasa, John Clare, aliyezaliwa Helpston, Northamptonshire, mwaka 1793, mtoto wa kibarua wa shamba. Kati ya 1750 na 1850 Bunge lilipitisha sheria zipatazo 4,000 za kugawa na kuzungushia ua ardhi zilizotumiwa na vijiji kwa pamoja. Wenye hati walipata mashamba makubwa. Asiye na hati alipoteza mahali pa kulisha ng'ombe wake mmoja, kuokota kuni na kupita kwa miguu. Sheria ya Helpston ilitungwa 1809, na Clare, kijana wa miaka 16, aliona miti ikikatwa, vijito vikinyooshwa na mabango ya kukataza kupita yakisimikwa. Yeye mwenyewe aliajiriwa kupanda ua. Diwani yake ya kwanza ilitoka 1820 na kupata matoleo manne kwa muda mfupi. London ilimpokea kama ajabu ya mkulima anayetunga. Lakini mfadhili wake, Lord Radstock, alidai mistari iliyowasema matajiri iondolewe, na ikaondolewa. Mashairi yake makali zaidi juu ya uporaji wa ardhi, likiwamo moja ambalo kipande cha ardhi chenyewe kinasimama na kulalamika kwa sauti yake, hayakuchapwa maishani mwake. Tangu 1837 aliishi karibu muda wote katika hospitali za wagonjwa wa akili, na alifia Northampton mwaka 1864. Miongoni mwa washairi wa zama hizi, hakuna aliyelipa gharama kubwa zaidi kwa kuijua jamii yake kutoka chini.

Mjini na viwandani hasira ilichukua sura nyingine. Mwaka 1811 wafumaji wa soksi wa Nottinghamshire, waliokuwa wakipunguziwa ujira na kushindana na bidhaa hafifu, walianza kuvunja mashine usiku kwa jina la kiongozi wa kubuni, Ned Ludd. Serikali ilileta muswada wa kuwanyonga. Tarehe 27 Februari 1812 Lord Byron, kabaila wa miaka 24 ambaye makao ya ukoo wake yalikuwa katika jimbo hilo hilo, alisimama mara ya kwanza katika Baraza la Malodi na kuupinga. Alieleza kwamba watu hao walikuwa tayari kufanya kazi lakini kazi haikuwepo, na akauliza nani angekubali kuwahukumu. Siku chache baadaye alichapisha gazetini, bila jina, shairi la kejeli dhidi ya muswada huo. Ulipitishwa hata hivyo, na Januari 1813 watu 17 walinyongwa York kwa makosa ya ghasia hizo. Tarehe 10 Machi 1812, siku 12 tu tangu hotuba yake, lilitoka shairi lake Childe Harold. Nakala 500 ziliisha kwa siku tatu na Byron akawa mwandishi mashuhuri kuliko wote nchini. Umaarufu huo aliutumia baadaye kwa uhuru wa Ugiriki, ambako alikufa Missolonghi tarehe 19 Aprili 1824.

Wollstonecraft alikuwa amefariki tarehe 10 Septemba 1797, siku 11 baada ya kumzaa binti yake Mary. Mume wake, Godwin, aliandika kumbukumbu za maisha yake kwa ukweli usiositiri kitu, na maadui wakazitumia kumchafua. Kwa miongo mingi jina lake lilikuwa fimbo ya kumnyamazishia mwanamke yeyote aliyedai haki. Binti yake, akiwa mke wa Percy Shelley, alichapisha Frankenstein tarehe 1 Januari 1818, bila jina, nakala 500. Riwaya hiyo ni ya mwanasayansi anayemuumba kiumbe kisha kumtelekeza. Kiumbe anajifunza kusoma kwa kuchungulia na kusikiliza, kama walivyofanya mafundi wengi wa siku zile, na elimu hiyo ndiyo inayomfundisha jinsi alivyodhulumiwa. Mchezo wa jukwaani wa 1823 uliieneza hadithi hiyo kwa watu wasioweza kukinunua kitabu. Machi 1824 waziri George Canning alikitaja kiumbe hicho bungeni ili kuonya dhidi ya kuwapa watumwa uhuru wa ghafla. Aliipindua maana ya mwandishi, aliyeweka lawama juu ya aliyeumba na kutelekeza.

Vita na Napoleon vilikwisha 1815, lakini bei ya mkate ilibaki juu na askari walirudi bila kazi. Tarehe 16 Agosti 1819 watu wapatao 60,000, wengi wakiwa wafumaji na familia zao wamevaa nguo za Jumapili, walikusanyika uwanja wa St Peter, Manchester, kudai marekebisho ya Bunge. Msafara mmoja uliongozwa na Samuel Bamford, mfumaji na mshairi. Mahakimu waliamuru askari wapanda farasi wamkamate msemaji, Henry Hunt, na askari wakaingia katika umati na panga. Watu 18 walikufa na zaidi ya 600 walijeruhiwa. Bamford alifungwa mwaka mmoja ingawa hakumpiga mtu. Shelley alipata habari akiwa Italia tarehe 5 Septemba, na ndani ya siku chache alikamilisha The Mask of Anarchy, shairi la beti 91 kwa mizani ya nyimbo za mitaani, linalowahimiza wengi kusimama bila silaha mbele ya wenye panga. Alilipeleka London kwa Leigh Hunt, mhariri wa The Examiner. Hunt alikwisha kufungwa miaka miwili kwa kumkashifu mtawala, naye hakulichapa.

Hofu yake ilikuwa na sababu. Desemba 1819 Bunge lilipitisha sheria sita, mojawapo ikipanua ushuru wa stempu wa peni nne hadi kwenye vijarida vya bei rahisi vya siasa, ili gazeti la mfanyakazi liwe ghali kama la bwana wake. Richard Carlile, aliyechapisha Paine na kueleza yaliyotokea Manchester, alikaa gerezani Dorchester hadi 1825. Mkewe Jane na dada yake Mary-Anne walifungwa kwa kuendeleza duka, na wauzaji wa kujitolea wakashika zamu baada yao. William Hone, mpiga chapa aliyeachiwa huru na majopo matatu kwa siku tatu mfululizo mnamo Desemba 1817, alijibu mauaji ya Manchester kwa kijitabu cha mashairi ya kitoto chenye michoro ya George Cruikshank, kilichouzwa kwa makumi ya maelfu.

Lakini sheria ilikuwa imekwisha kujikwaa yenyewe. Mwaka 1817 wachapishaji wasio na idhini walitoa Wat Tyler, tamthilia ya kimapinduzi aliyoiandika Robert Southey ujanani mwaka 1794 na kuificha; sasa Southey alikuwa mshairi rasmi wa mfalme. Alikwenda mahakamani kuizuia, na jaji Lord Eldon akaamua kwamba maandishi yenye madhara kwa umma hayalindwi na hakimiliki. Uamuzi huo ulikuwa zawadi kwa wachapishaji wa vichochoroni. Kila kitabu kilichosemwa kuwa cha hatari kingeweza kuchapwa na yeyote, kwa karatasi duni na bei ndogo. Ndivyo ilivyokuwa kwa Don Juan ya Byron, na ndivyo ilivyokuwa kwa Queen Mab, shairi ambalo Shelley alilichapa kwa siri mwaka 1813, nakala 250, na ambalo Eldon huyo huyo alilipokea kama ushahidi alipomnyima Shelley malezi ya watoto wake. Tangu 1821 lilitolewa tena na tena, likawa kitabu cha mfukoni cha wafanyakazi. Shelley, aliyezama baharini Italia tarehe 8 Julai 1822, hakuuona umati wa wasomaji wake.

Wakati huo huo washairi wa kizazi cha kwanza walikuwa wamegeuka. Wordsworth alipewa kazi ya kusambaza stempu za serikali Westmorland mwaka 1813, akafanyia kampeni ukoo wa makabaila mwaka 1818, na akapinga marekebisho ya Bunge. Byron na Shelley walimlaumu vikali, na lawama hiyo ilikuwa ya haki. Hata hivyo mashairi yake ya awali yaliendelea kuwasemea watu ambao yeye mwenyewe hakutaka wapige kura.

Suala la utumwa lilirudi kwa nguvu. Mary Prince, mzaliwa wa Bermuda aliyeletwa London na mabwana zake mwaka 1828, aliwakimbia na kusimulia maisha yake. Mwandishi kijana Susanna Strickland aliyaandika, na Thomas Pringle, mshairi wa Scotland aliyewahi kuishi rasi ya Afrika Kusini na sasa katibu wa chama cha kupinga utumwa, akayatoa mwaka 1831. Matoleo matatu yaliisha mwaka huo. Ulikuwa wasifu wa kwanza wa mwanamke mweusi kuchapwa Uingereza, ukieleza mijeledi, uuzwaji mnadani na kazi ya mashamba ya chumvi. Sheria ya kufuta utumwa katika makoloni ya Uingereza ilipitishwa 1833 na kuanza kazi tarehe 1 Agosti 1834. Pauni milioni 20 zililipwa kama fidia, zote kwa wamiliki. Kampeni hiyo hiyo ilifika pwani ya Afrika Mashariki kwa mikataba: wa 1822 na Sayyid Said, uliokataza kuwauzia Wakristo watumwa, na wa 1873 na Sayyid Barghash, uliofunga soko la watumwa la Zanzibar.

Sheria ya marekebisho ya 1832 iliwapa kura watu wa tabaka la kati na kuwaacha nje wafanyakazi walio wengi, na kwa mara ya kwanza ilitaja wazi kwamba mpiga kura ni mwanamume. Mwaka huo Leigh Hunt alilichapa hatimaye The Mask of Anarchy, miaka kumi baada ya kifo cha mtunzi. Walionyimwa kura waliunda vuguvugu la Wachartisti, ambao ombi lao la 1839 lilikuwa na saini zaidi ya milioni moja na robo. Magazeti yao yalijaa mashairi ya Byron na Shelley na ya wafanyakazi walioiga mizani yao. Friedrich Engels, aliyeishi Manchester, aliandika mwaka 1845 kwamba wasomaji wakubwa wa washairi hao wawili walikuwa wafanyakazi. Ushuru wa stempu juu ya magazeti ulipunguzwa hadi peni moja mwaka 1836 na kufutwa 1855. Ushuru wa karatasi ulifutwa 1861.